Kumfuata Mnyama wa Gévaudan

Ijumaa, Lyon hadi Langogne

Shemeji ameomba likizo kazini, amejaza tangi la gari, na sasa ndipo anauliza tunakwenda kutafuta nini. Yeye ni Mkongo wa Beni, anaendesha malori hapa Ufaransa miaka mingi, na milima ya katikati ya nchi hii anaijua kwa barabara zake kuu tu. Nikamwambia tunamfuata mnyama aliyekufa mwaka 1767. Alicheka mpaka tukaingia Saint-Étienne.

Kisa chenyewe kwa kifupi ni hiki. Kati ya Juni 1764 na Juni 1767, katika nchi ya zamani iliyoitwa Gévaudan, ambayo leo ni mkoa wa Lozère na kipande cha Haute-Loire, kuna kitu kiliua watu wapatao mia moja. Orodha za wanahistoria hazilingani, kwa sababu zinategemea madaftari ya maziko ya parokia na barua za maofisa. Zinapolingana ni kuhusu waliokufa: wengi mno ni watoto na wanawake waliokuwa malishoni na ng'ombe au kondoo. Mfalme Louis XV alituma askari, kisha wawindaji mashuhuri, kisha mtu wa nyumbani mwake. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimekwisha 1763, magazeti yalikuwa na njaa ya habari, na habari hii ikawashibisha. Wafaransa mpaka leo husema *la Bête*, yule Mnyama, na hakuna anayeuliza mnyama gani.

Kuhusu alikuwa nini, hapo hawajaacha kugombana. Mbwa mwitu. Chotara wa mbwa na mbwa mwitu. Fisi aliyetoroka kwa wacheza maonyesho. Simba kijana. Mtu mwenye kichaa. Adhabu ya Mungu. Na *loup-garou*, mtu ageukaye mbwa mwitu, ambaye Ulaya ilikuwa imemchoma moto karne mbili kabla na bado wanavijiji walikuwa hawajamsahau.

Mimi ni mtu wa Singida, na hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Kwetu, miaka ya 1940, watu walikutwa wamekufa wakiwa na alama za makucha, na ikasemwa wauaji ni watu-simba: vijana waliofichwa, wakafugwa, wakavishwa ngozi na kutumwa na wenye uchawi wao. Serikali ya Mwingereza ilikamata watu, ikashtaki, ikanyonga. Marehemu bibi yangu alikuwa msichana wakati huo. Hadithi yake haikufanana na ya babu, na ya babu haikufanana na ya jirani.

"Kwetu ni anioto," shemeji akasema, safari hii hacheki. "Watu-chui. Wabelgiji waliwanyonga vilevile."

Tukaingia Langogne jioni na ukungu.

Jumamosi, Les Hubacs

Ukitoka Langogne ukavuka mto Allier na kuingia upande wa Ardèche, unafika kitongoji cha Les Hubacs karibu na Saint-Étienne-de-Lugdarès. Nyumba chache za mawe, malisho ya mteremko, msitu juu yake. Tarehe 30 Juni 1764 aliuawa hapa Jeanne Boulet, msichana wa miaka 14. Daftari la parokia linasema alizikwa bila sakramenti kwa kuwa aliuawa na mnyama mkali. Ndiye wa kwanza kuandikwa. Kabla yake, upande wa Langogne, mnyama alimrukia mwanamke kijana aliyekuwa akichunga, na ng'ombe wakamfukuza kwa pembe.

Nilisimama pale juu kwa muda nikipima kwa macho. Kutoka malishoni hadi mlango wa nyumba ya karibu, mtoto anayekimbia angehitaji dakika kadhaa, tena kwa kupanda. Mtu mzima akiwa shambani upande wa pili wa kilima hasikii kelele, kwa sababu upepo unavuma kutoka mlimani. Hayo ni mambo ambayo vitabu vingi havikuambii kwa sababu vina haraka ya kufika kwenye meno.

Jambo jingine ni bunduki. Wakulima wa huku hawakuwa nazo. Kusini mwa milima hii ndiko Waprotestanti wa Cévennes walikoasi mwanzoni mwa karne ile, na tangu hapo serikali haikutaka kuona silaha mikononi mwa wanakijiji wa Languedoc; uwindaji nao ulikuwa haki ya mabwana. Mauaji yalipozidi ndipo ruhusa zikaanza kutolewa. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa alikwenda na fimbo, na baba yake nyumbani alikuwa na shoka na uma wa kukusanyia majani.

Shemeji alikuwa anazungumza na mzee mmoja mwenye trekta. Akarudi na jibu lake: mzee anasema ni mbwa mwitu, lakini mke wake anasema ni mtu.

Jumapili, Mende

Kanisa kuu la Mende lina minara miwili isiyolingana, mmoja mrefu uliochongwa kama lesi na mwingine mfupi. Ilikuwa misa, tukakaa nyuma.

Kutoka mji huu ndipo yalipotoka maelezo ya kwanza yenye muhuri. Tarehe 31 Desemba 1764 askofu wa Mende, Gabriel-Florent de Choiseul-Beaupré, alitoa waraka usomwe makanisani kote. Mnyama ni fimbo ya Mungu, aliandika, na akawataka wazazi wajiulize kama si mienendo yao iliyowaletea msiba. Yakaamriwa maombi ya saa arobaini.

Nimesoma watu wanaomtetea askofu huyu, kwamba aliongea lugha ya zama zake. Sawa. Lakini mwanamke aliyeletewa kipande cha mtoto wake ndani ya shuka, akaenda kanisani kusikia kwamba ajichunguze, huyo naye aliishi zama hizohizo. Na utaona faida ya maelezo ya namna hii kwa wakubwa: ikiwa Mungu ndiye aliyetuma, basi hakuna haja ya kuuliza kwa nini wachungaji ni watoto.

Mchana tulikula *aligot*, viazi vilivyopondwa na jibini mpaka vinavutika. Shemeji aliongeza sahani.

Jumatatu, Sainte-Lucie

Karibu na Marvejols, juu ya kilima, kuna hifadhi ya mbwa mwitu iliyoanzishwa 1985 na Gérard Ménatory. Wako wa kutoka Mongolia, Poland, Kanada, Siberia. Hawa ni mbwa mwitu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, aghalabu wa kijivu au kahawia, wala siyo wale wetu wa mabaka na masikio ya duara.

Nilitaka kuona ukubwa, na nikashangaa wembamba. Miguu mirefu myembamba, kifua chembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili ulivyostahili. Mnyama mzima wa kawaida huku ana kilo thelathini na kitu hadi arobaini na kitu. Mtoto wa miaka kumi hana zaidi ya hapo. Mbwa mwitu mmoja alikuja hadi kwenye uzio, akamwangalia mtoto mdogo wa Kifaransa aliyebebwa mabegani, akaacha kututazama sisi watu wazima kabisa. Mama yake alipiga picha.

Ménatory alikuwa mtetezi mkubwa wa mbwa mwitu, na kwa maoni yake muuaji alikuwa fisi aliyeletwa kutoka mbali.

"Fisi!" shemeji akasema. "Kila kibaya kinatoka Afrika, hata huku milimani!"

Sikuweza kumpinga. Nadharia ya fisi na ya simba zote zina mvuto huo: zinalisafisha eneo. Mnyama wa hapa hana kosa, mtu wa hapa hana kosa, aliyefanya haya alikuja kwa meli.

Jumanne, Saint-Alban

Tuliamka mapema. Mlima wa Margeride ni mawe matupu ya graniti yaliyotuama juu ya majani, makubwa ya mviringo, na kama si misonobari ningedhani niko njiani kutoka Singida mjini kwenda ziwa Kindai.

Kijiji cha Saint-Alban-sur-Limagnole kina mambo mawili yanayohusu safari hii, na la pili sikulitegemea kuwa na uzito huo.

La kwanza ni Jeanne Jouve. Machi 1765, karibu na hapa, mnyama aliruka uani kwake na kumkamata mmoja wa watoto wake. Alipigana naye kwa mikono mitupu na mawe, akamng'ang'ania, akatupwa, akarudi tena. Mtoto wa kiume wa miaka sita alikufa baada ya siku chache kwa majeraha. Mfalme alimpelekea livre 300, fedha ya Ufaransa ya wakati ule.

La pili ni ngome ya kijiji, ambayo katika karne ya 19 iligeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, makumi ya maelfu ya wagonjwa wa akili walikufa kwa njaa katika hospitali za Ufaransa. Hapa walilishwa. Daktari François Tosquelles, mkimbizi kutoka Hispania, na wenzake walifungua milango, wagonjwa wakafanya kazi mashambani, wakabadilishana kazi ya mikono kwa viazi na siagi na wanakijiji. Na mwaka 1952 alikuja kujifunza hapa daktari kijana kutoka Martinique, Frantz Fanon, kabla ya kwenda Blida nchini Algeria.

Nilikaa mbele ya lango lile nikifikiria jinsi mambo yanavyokutana. Fanon huyo, katika kitabu chake cha mwisho cha 1961, aliwataja watu-chui na watu-nyoka wanaomtia hofu mtu aliyetawaliwa. Alisema hofu hiyo inamfunga mtu kiasi kwamba bunduki ya mkoloni inakuwa kitu kidogo mbele ya zimwi. Shemeji alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Huyo hakuwahi kulala Beni," akasema. "Bunduki tuliiogopa sana."

Ugonjwa wa kujiona mnyama upo kweli, ingawa ni nadra. Mwaka 1988 madaktari wa hospitali ya McLean, Massachusetts, walieleza wagonjwa wao 12 waliokuwa nao; baadhi walijiona mbwa mwitu, wengine paka au ndege. Waliuhusisha na magonjwa ya akili ya kawaida zaidi, na wengi walipata nafuu kwa tiba.

Na mahakimu wengine wa Ufaransa walishaliona hilo zamani. Mwaka 1574 Gilles Garnier alichomwa moto huko Dole kama loup-garou aliyekula watoto. Lakini mwaka 1603 mahakama kuu ya Bordeaux ililetewa Jean Grenier, mvulana wa miaka kama 13 au 14, mchungaji wa mifugo ya watu, aliyejigamba kwa wasichana malishoni kwamba Bwana wa Msitu amempa ngozi ya mbwa mwitu na kwamba amekula watoto. Watoto kweli walikuwa wameuawa eneo lile. Mahakama haikumchoma. Ilisema ni mtoto mjinga asiye na mtu, ikamfungia katika nyumba ya watawa maisha yake yote.

Naye Grenier alikuwa mchungaji mtoto, tena mwenye njaa. Kesi yake nimeisoma mara nyingi na hicho ndicho kinachonibaki: kwamba yule anayedhaniwa mnyama na wale wanaoliwa walikuwa wa kazi moja, kwenye majani yaleyale.

Jumatano, kwa miguu hadi Villeret

Njia ya mahujaji wanaokwenda Santiago, Hispania, inapita hapa, imewekwa alama nyeupe na nyekundu. Nilimwacha shemeji na gari, nikatembea kinyume cha mahujaji: kutoka Saint-Alban kupanda hadi kanisa dogo la Saint-Roch, kupita shamba la Le Sauvage lililo karibu mita 1,300 juu, kisha kushuka kuelekea Chanaleilles. Kila niliyepishana naye aliniambia naenda upande usio sahihi.

Nilikutana na mchungaji mwenye kondoo na mbwa wawili wakubwa weupe, aina ya kulinda zizi. Mbwa mwitu waliangamizwa Ufaransa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakarudi wenyewe kutoka Italia mwaka 1992, na hatimaye wakafika hadi huku. Mchungaji hakutaka kuzungumzia la Bête hata kidogo. Alitaka kuzungumzia fomu za fidia na uzio wa umeme. Alikuwa na simu, gari na mbwa, na bado alikuwa na uchovu usoni.

Mchana nikafika Villeret d'Apchier. Tarehe 12 Januari 1765, theluji ikiwa chini, watoto saba walikuwa wanachunga hapa juu: wavulana watano, wasichana wawili. Wakubwa walikuwa na miaka kama 12. Wazazi walikuwa wamewafungia vipande vya chuma kwenye ncha za fimbo, na kuwaamuru wasiachane. Mnyama alikuja, akawazunguka. Walijipanga, wakubwa mbele na wadogo nyuma, wakageuka naye kila alipogeuka. Akamng'oa mmoja wa wadogo, akamburuza. Mmoja akasema wakimbie wakati mnyama anashughulika. Jacques Portefaix akakataa: au tumwokoe au tufe naye. Wakamfukuzia kwenye kinamasi, miguu ya mnyama ikazama, wakamchoma usoni na mdomoni mpaka akamwacha mtoto. Mtoto aliishi.

Mfalme alimpa Portefaix livre 300 na wenzake 350 wagawane, akaamuru Portefaix asomeshwe kwa gharama ya taji. Akawa ofisa wa mizinga.

Kinamasi bado kipo, au niseme vipo vingi, na sidhani mtu anaweza kukuonyesha kile chenyewe. Majani yanaonekana makavu, ukikanyaga unazama hadi kwenye kifundo. Kuna kitu nilichokielewa pale ambacho chumbani sikukielewa: watoto hawa walikuwa na mpango. Mtu mzima alikuwa ameshakaa nao akawafundisha kusimama kwa zamu. Kijiji kile, tofauti na askofu na tofauti na askari, kilikuwa kimeshafikia uamuzi kwamba huyu ni mnyama na anadungika.

Alhamisi, Saugues

Mji mdogo wenye mnara wa mawe na, nje kidogo, sanamu kubwa ya mbao ya Mnyama inayotazama bonde. Kuna jumba la makumbusho lake lenye sanamu za watu, mwanga hafifu na milio ya mbwa mwitu. Watoto wa shule mbele yetu walipiga kelele kwa raha. Shemeji alinunua sumaku ya friji.

Hapa ndipo mtu anapokusanyiwa nadharia zote kwa mpigo, basi niseme ninavyoziona.

Kichaa cha mbwa hakiwezi kuwa sababu. Mnyama mwenye kichaa hufa ndani ya siku chache baada ya dalili, na huyu alidumu miaka mitatu. Waliong'atwa wakapona hawakuugua. Ugonjwa wa damu wa pofiria, ambao daktari Lee Illis aliuhusisha na watu-mbwamwitu katika makala ya 1964, unaeleza ngozi inayoumizwa na jua na meno mekundu, lakini ni ugonjwa adimu mno kuweza kuzaa imani ya bara zima. Kuvu ya nafaka ya rai, chakula cha Margeride, huleta njozi na degedege. Njozi hazitafuni koo la msichana.

Halafu kuna muuaji wa binadamu, nadharia ya shemeji. "Mbona vichwa vilikatwa?" aliniuliza wakati wa kahawa. "Nyama hakati kichwa. Huyo ni muntu, shemeji, amevaa ngozi." Ni kweli baadhi ya miili ilikutwa bila kichwa, na nadharia hii ina wafuasi wengi Ufaransa. Lakini mnyama anayekamata kooni na kutafuna shingo huacha kichwa kikining'inia, na wanaokuja kula baadaye hukiburuza. Tena waliomwona mchana wakapona ni wengi, na wote walieleza mnyama wa miguu minne.

Kuhusu risasi za fedha, ambazo kila mtalii anaziulizia: hazimo katika nyaraka za wakati ule. Ni pambo la waandishi wa baadaye.

Jambo lililonishinda kuliacha ni la India, mwaka 1996, mashariki mwa jimbo la Uttar Pradesh. Mbwa mwitu waliua makumi ya watoto wadogo. Watafiti wa wanyamapori walifika na kukuta nyayo, nywele, kila ushahidi. Wanavijiji wakasema ni *manai*, kiumbe nusu mtu nusu mbwa mwitu, au ni majasusi waliovaa ngozi. Wageni walipigwa na wengine kuuawa kwa kushukiwa. Walioliwa walikuwa watoto wa maskini wasio na milango imara. Hapo sina haja ya kwenda hadi Singida ya bibi. Umbo la kisa ni lile lile, na chini yake safari ile alikuwepo mnyama wa kweli.

Na Njombe yetu? Simba wa Njombe waliokula watu miaka ya 1930 na 1940 walikuwa simba halisi. George Rushby wa idara ya wanyamapori aliwapiga risasi na ngozi zikaonekana. Watu bado waliamini wametumwa na mganga aliyenyang'anywa cheo, na kwamba walikoma kwa sababu alirudishiwa. Kila upande ulidai ushindi.

Ijumaa, Auvers na La Besseyre-Saint-Mary

Tulipita chini ya Mont Mouchet, ambapo wapiganaji wa msituni walipambana na Wajerumani Juni 1944; kuna makumbusho yao huko, na huo ni msiba mwingine.

Kijiji cha Auvers kina sanamu ya Marie-Jeanne Vallet. Tarehe 11 Agosti 1765, karibu na Paulhac, alikuwa anavuka kijito na mdogo wake mnyama alipowatokea. Alikuwa na fimbo yenye kisu cha bunduki nchani, akamdunga kifuani. Mnyama alianguka majini, akajiviringisha, akatoweka. Ofisa wa mfalme alikuja kupima chuma kilivyoingia.

Ofisa huyo alikuwa François Antoine, mbeba bunduki wa mfalme. Kabla yake alishindwa nahodha Duhamel, aliyefika kuwavisha askari wake nguo za kike ili wamvutie mnyama, na aliyeswaga milima kwa watu wanaosemekana kufika 20,000 siku moja. Walishindwa pia mabwana d'Enneval, baba na mwana, wawindaji kutoka Normandy. Septemba 1765 Antoine alimpiga mbwa mwitu mkubwa karibu na abasia ya Chazes, wa kilo kama 60. Akapelekwa Versailles, akajazwa majani, Antoine akapata fedha na sifa, na kwa serikali kisa kikaisha.

Desemba mauaji yakarudi. Safari hii magazeti hayakutaka kusikia. Miezi kumi na minane ya mwisho ya msiba huu wakazi waliachiwa wenyewe na mabwana wachache wa hapa, hasa kijana mmoja, marquis d'Apcher. Katika msako wake wa tarehe 19 Juni 1767, pale La Sogne d'Auvers, Jean Chastel, mkulima wa La Besseyre, alipiga risasi na mnyama akaanguka. Mauaji yakakoma.

Mnara wake mdogo wa jiwe upo La Besseyre. Shemeji alipiga picha, akauliza alilipwa nini. Livre 72. Mfalme alikuwa ametangaza 6,000.

Hadithi za baadaye zikamgeuza Chastel: mara mchawi, mara mfugaji wa Mnyama, mara baba wa loup-garou. Mkulima akifaulu mahali waliposhindwa watu wa mfalme, lazima awe na siri.

Jumamosi, Charraix na Langeac

Magofu ya ngome ya Besques yako karibu na Charraix, na si rahisi kuyafikia. Tuliyaona kwa mbali tu. Mzoga uliletwa huko, na tarehe 20 Juni 1767 mthibitishaji wa nyaraka wa mfalme, Roch Étienne Marin, akaandika kila kitu mbele ya matabibu. Ripoti yake ilikaa kwenye hifadhi ya nyaraka hadi ilipoibuliwa katika miaka ya 1950.

Ni maandishi makavu na ndiyo maana nayapenda. Urefu, upana wa makalio, makovu na majeraha ya zamani, mfupa wa binadamu tumboni. Uzito wa livre 109 (livre ilikuwa pia kipimo cha uzito), kama kilo 53. Waliowahi kushambuliwa waliletwa, wakamtambua. Marin anasema anafanana na mbwa mwitu kwa mkia na sehemu ya nyuma, lakini kichwa chake si cha kawaida. Na akahesabu meno: 20 juu, 22 chini.

Arobaini na mawili ni meno ya jamii ya mbwa. Simba ana 30. Fisi ana 34. Nilimwonyesha shemeji hesabu hiyo kwenye simu tukiwa mgahawani Langeac, na aliihesabu upya kwenye karatasi ya leso, kwa picha za fuvu alizozitafuta mwenyewe.

"Basi nyama," akasema. "Mbwa mwitu, ama amechanganyika na mbwa. Lakini mmoja?"

Pengine zaidi ya mmoja. Siku chache baada ya Chastel, jike naye aliuawa. Mzoga wa dume ulisafirishwa hadi Paris wakati wa joto, ukaoza, ukazikwa, kwa hiyo hakuna mfupa wa kupimwa leo. Mwanahistoria Jean-Marc Moriceau amekusanya kutoka madaftari ya Ufaransa maelfu ya vifo vya watu walioliwa na mbwa mwitu kwa karne kadhaa, na walioongoza katika orodha zake ni watoto wachungaji. Gévaudan ilitofautiana na kwingine kwa wingi wa vifo katika muda mfupi, na kwa magazeti.

Shemeji hakuridhika kabisa. Alisema meno yanamweleza nani alikula. Hayamwelezi kwa nini Beni, ambako hakuna aliyehesabu meno, watu walinyongwa. Katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji kuna sanamu ya mtu-chui aliyevaa ngozi na makucha ya chuma, iliyotengenezwa na Mbelgiji mnamo 1913. Tangu jumba lilipofunguliwa upya 2018 imewekwa chumba cha pembeni pamoja na sanamu nyingine za aibu. Anataka kuiona. Ameshahesabu kilomita kutoka Lyon, anasema nilete nyaraka za Singida, na petroli ni zamu yangu.